Nani Afungue Sanduku? Vitu vya Zamani katika Nyumba za Shinyanga na Geita

Kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, Benki Kuu ya Tanzania iliwapa wananchi miezi mitatu kurudisha noti za zamani: za shilingi 20, 200, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, pamoja na noti ya 500 ya mwaka 2010. Baada ya hapo noti hizo hazikuwa fedha halali tena. Tangazo lilihusu sarafu ya nchi, lakini kwa mtu aliyeuza pamba yake miaka ya 1990, akafunga malipo kwenye kitambaa na kuyazamisha chini ya khanga ndani ya sanduku la bati, lilikuwa amri ya kupekua nyumba nzima. Na kama mtu huyo alikwisha kufariki, au amesahau, au macho hayaoni tena, kazi hiyo iliwaangukia wengine.

Nimeanza na noti hizi kwa sababu zinaonyesha jinsi upekuzi wa vitu vya nyumbani unavyofanyika katika ukanda huu. Mara nyingi hauanzishwi na mwenye nyumba. Huanzishwa na tangazo la serikali, na msiba, na mgodi unaopanuka, na polisi waliopewa taarifa, na mchwa. Anayepekua ana haraka, na kwa kawaida si yeye aliyekusanya. Ndiyo maana naona kwamba mrundikano wa vitu katika nyumba za Shinyanga na Geita ni suala la mamlaka kabla halijawa suala la usafi. Kuna mtu mwenye haki ya kusema hiki kibaki na hiki kiende, na katika historia ya eneo hili mtu huyo amenyimwa nafasi ya kusema mara nyingi mno.

Tuanze na kilichomo ndani. Nyumba ya mkulima wa Kishapu au Shinyanga Vijijini ina desturi ndefu ya kuweka akiba. Mvua za huku ni chache na hazina uhakika, na watu walijua kuhifadhi kabla hawajafundishwa na yeyote: viazi vitamu vilikatwa na kuanikwa kuwa michembe, au vikachemshwa kwanza na kuwa matobolwa, mtama uliingia kihengeni, na kipande cha malisho kilifungwa kuwa ngitili ili ng'ombe wasikose majani kiangazi. Utajiri wenyewe ulisimama zizini. Vitu vya ndani havikuhesabiwa kuwa mali ya maana, na kwa hiyo haukuwapo utaratibu wa kuvipunguza. Ng'ombe huuzwa, hutolewa mahari, huchinjwa msibani. Sanduku la bati hubaki chini ya kitanda.

Ukiingia stoo ya nyumba kama hiyo utakuta jembe la kukokotwa na ng'ombe lililovunjika mkono, fremu ya baiskeli ya Phoenix ya Mchina au ya Swala iliyotengenezwa hapa hapa nchini, redio isiyoongea tena, kanda za kaseti zilizofumuka, mitungi yenye ufa, na jiwe la kusagia lililoachwa tangu mashine ya unga ilipofika kijijini. Kwenye sanduku kuna stakabadhi za pamba kutoka chama cha ushirika, kadi ya TANU, kadi za kliniki za watoto ambao sasa wana wajukuu, na albamu ambayo picha zake zimegandana na plastiki. Mgeni ataona takataka. Mwenye nyumba anaona vipuri, anaona ushahidi, anaona watu. Mnyororo wa baiskeli iliyokufa utafungwa kwenye baiskeli nyingine. Stakabadhi itathibitisha kwamba familia hii ililima shamba hili mwaka fulani. Kanda ile ina sauti ya shangazi akiimba harusini. Kabla ya kumlaumu mtu kwa kurundika, ni haki kutambua kwamba katika uchumi ambao kipuri kipya kiko mbali na ofisi ya ardhi iko mbali zaidi, kutunza kilichovunjika ni uamuzi wa mtu anayefikiri.

Katika vyumba vya kupanga vya Katoro, Nyarugusu au Rwamagasa hali ni tofauti kabisa. Mchimbaji mdogo anaifuata rashi. Akisikia dhahabu imetoka sehemu fulani, kesho amehama. Mali yake ni godoro, begi, sufuria mbili na simu. Ukiangalia chumba hicho peke yake utadhani vijana wa migodini hawana tatizo la mrundikano. Wanalo, ila liko kwa mama. Vyeti vyao vya shule, nguo za harusi, sanduku la chuma la bweni, kitanda cha ndoa iliyovunjika, vyote viko Kishapu, Meatu au Kwimba, katika chumba ambacho mama hawezi kukigusa kwa sababu "ni vya mwanangu, atakuja kuvichukua." Wapo akina mama wanaolala sebuleni ili vitu vya watoto wasiokuwepo vilale chumbani. Hilo linaniuma, na nadhani watoto wengi hawalijui kwa sababu hakuna mama atakayewaambia.

Sasa tuitazame historia, maana upekuzi mkubwa katika eneo hili umefanyika zaidi ya mara moja, na mara zote kwa amri.

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta utawala wa machifu, ambao Wasukuma wa huku huwaita watemi. Siku moja kigoda, ngoma, mkuki na ngozi za utemi zilikuwa alama za mamlaka. Siku iliyofuata zilikuwa vitu vya zamani ndani ya nyumba ya mtu wa kawaida. Wasukuma wana jina la vitu vinavyobeba kumbukumbu ya waliotangulia: shitongelejo. Bangili, fimbo, kofia, kigoda; mrithi huvitunza kwa niaba ya aliyekufa, na kwa imani ya wengi aliyekufa hajakaa mbali navyo. Baadhi ya vitu vya watemi vilipata pa kwenda. Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, padre kutoka Kanada, David Clement wa Wamisionari wa Afrika, alikuwa amekwisha kuanza kushirikiana na Wasukuma kukusanya ngoma, vifaa vya waganga na mali za watemi, na Makumbusho ya Wasukuma yakafunguliwa pale mwaka 1968. Kanisa lenyewe limejengwa kwa umbo la nyumba ya msonge ya mtemi. Bujora ni mahali pa heshima, na kila familia ya Shinyanga yenye kitu kizito cha ukoo inapaswa kujua kwamba papo. Lakini vilivyofika huko ni sehemu ndogo. Vingi vilibaki nyumbani bila mtu wa kueleza maana yake, na kitu kisicho na maelezo ndicho cha kwanza kutupwa.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba hadi mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji vya pamoja. Shinyanga ilitekeleza kwa kasi mwaka 1974. Wasukuma walizoea kuishi kaya moja hapa na nyingine mwendo wa kutosha kule, kila moja na zizi lake, miti yake na makaburi yake. Walipohamishwa walibeba kilichobebeka. Jiwe la kusagia lilibaki. Mitungi mikubwa ilibaki. Makaburi yalibaki. Ngitili ziliachwa bila mlinzi na nyingi zikaangamia. Kuanzia 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulizihuisha kwa kurudi kwenye maarifa ya wenyeji wenyewe, na kazi hiyo ikasifika duniani. Malisho na miti vilirudi. Vitu vilivyoachwa kwenye mahame havikupata mradi wa kuvirudisha, na wazee waliokuwa vijana mwaka 1974 hadi leo wanaweza kukuonyesha kwa kidole mahali nyumba ilipokuwa na kukutajia kilichoachwa ndani.

Upekuzi wa tatu unaletwa na migodi. Mgodi wa Geita, uliokuwa umechimbwa tangu miaka ya 1930 wakati wa ukoloni na kufungwa miaka ya 1960, ulifunguliwa upya mwaka 2000. Bulyanhulu ulianza uzalishaji 2001, Buzwagi 2009. Kila mgodi mkubwa unahitaji ardhi, na ardhi ina watu. Kanuni za mwaka 2001 chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 zinaorodhesha anacholipwa mtu anayehamishwa: thamani ya ardhi, majengo na mazao, posho ya usumbufu, posho ya malazi, hasara ya faida, na posho ya usafiri. Posho ya usafiri ni gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo umbali wa kilomita 20. Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi. Kwa upande mmoja ni ukarimu, maana kaya nyingi za huku hazifikishi tani 12. Kwa upande mwingine inaonyesha jinsi sheria inavyoviona vitu vya ndani: ni uzito na umbali tu. Mwembe uliopandwa na babu unathaminiwa kwa sababu ni zao. Kigoda alichokalia babu chini ya mwembe huo kinaingia kwenye tani 12. Makaburi yana sheria yake tangu 1969, na kaburi linahamishwa kwa utaratibu na fidia. Kati ya kaburi na mizigo hakuna daraja la tatu, na hapo ndipo shitongelejo na albamu na sanduku la bibi vinapoangukia.

Siwezi kupita haraka kwenye jambo linalofuata, kwa sababu ndilo linalotofautisha upekuzi wa Shinyanga na Geita na ule wa Dar es Salaam au Mombasa. Hapa kuna vitu vya zamani vinavyoweza kumuua aliyevitunza.

Sheria ya Uchawi iliandikwa na Waingereza mwaka 1928 na bado ipo katika vitabu vyetu. Inaharamisha, pamoja na mengine, kuwa na zana za uchawi. Sasa fikiria kibuyu kidogo kilichozibwa kwa nta, simbi chache, bangili ya shaba na kipande cha ngozi, vyote ndani ya kikapu cha bibi aliyerithi uganga kwa mama yake na hakuwahi kuutumia. Kwa mtafiti ni urithi. Kwa mjukuu aliyesoma ni mambo ya giza. Kwa jirani aliyefiwa na mtoto na anayetafuta wa kumlaumu, ni ushahidi. Mikoa ya Shinyanga na Geita imeandamwa kwa miongo mingi na mauaji ya vikongwe wanaotuhumiwa uchawi, wengi wao wanawake, na wengi wakiwa na macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kupikia, hasa wa samadi ya ng'ombe pale kuni zilipokwisha. Bibi anayejua hivyo hatasubiri ushauri wa mtaalamu wa makumbusho. Atachoma kikapu usiku. Sina neno la kumlaumu. Lakini kila kikapu kinachochomwa kwa hofu kinaondoka na jina la mwenye kukirithisha na habari ya dawa zilizowatibu watu, na hakuna atakayejua kilichopotea.

Kundi la pili la vitu vya hatari linatambuliwa vizuri zaidi na sheria. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inavifanya sehemu za wanyamapori kuwa nyara za serikali: pembe za ndovu, ngozi ya chui au simba, meno, kucha, mikia. Anayekutwa navyo bila kibali ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba alivipata kihalali, kesi inaweza kuwa ya uhujumu uchumi, na kifungo kwa nyara zenye thamani kubwa huanzia miaka 20. Sheria hii ina sababu nzuri. Tembo wa nchi hii walichinjwa kwa maelfu na majangili. Lakini katika Usukuma ngozi ya chui au simba ilikuwa vazi la mtemi na la manju wa ngoma, na bangili ya pembe ilivaliwa na mwenye cheo. Kijana anayefungua sanduku la babu na kukuta ngozi ya zamani ana njia mbili mbaya zinazomjia haraka: kuificha tena, au kuiuza kwa mtu anayeitafuta kimyakimya. Ya kwanza inamrithisha mtoto wake kosa. Ya pili inaweza kumpeleka gerezani yeye mwenyewe. Njia sahihi ni kwenda kwa ofisa wanyamapori wa wilaya kabla mtu mwingine hajatoa taarifa, akiwa na mzee wa ukoo anayejua historia ya ngozi hiyo na barua ya serikali ya kijiji, na kuomba mwongozo. Ningependa siku moja serikali itangaze kipindi cha kusalimisha na kusajili vitu vya aina hii bila mashtaka, kama ilivyowahi kufanya kwa silaha zinazomilikiwa kinyume cha sheria. Kwa noti za zamani tulipewa miezi mitatu. Kwa ngozi ya babu hatujapewa hata siku moja.

Madini nayo yana sheria yake. Mzee aliyechimba ujana wake wote anaweza kuacha punje za dhahabu kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya kopo la dawa, na huko Mwadui na vijiji vya jirani, ambako mwanajiolojia John Williamson alianzisha mgodi wa almasi mwaka 1940, anaweza kuacha kijiwe. Kumiliki madini bila leseni ni kosa. Tangu masoko ya madini yalipoanzishwa mwaka 2019, Geita ikitangulia mwezi Machi, angalau pana mahali panapojulikana pa kupeleka dhahabu na kuuliza.

Karatasi ndizo zinazodharauliwa kuliko vyote, na ningependa kuzitetea. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, ng'ambo ya maji tu kutoka huku, alimaliza kuandika riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945. Haikupata mchapishaji. Mswada ulikaa kwa miongo mitatu na zaidi, ukatafsiriwa na mwandishi mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikautoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza alifariki mwaka uliofuata. Kama katika miaka ile yote mtu mmoja mwenye bidii ya usafi angeona rundo la karatasi zilizoandikwa kwa mkono na kuamua kuwashia jiko, fasihi ya Afrika Mashariki ingekosa moja ya kazi zake kubwa kabisa. Hans Cory, Mwaustria aliyefanya kazi chini ya serikali ya kikoloni, alikusanya sheria na mila za Wasukuma na nyaraka zake ziko Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hizo ni karatasi za mgeni kuhusu Wasukuma. Karatasi za Wasukuma kuhusu wao wenyewe ziko chini ya vitanda, na mchwa anazisoma kabla yetu.

Kwa hiyo daftari la kaya, barua, stakabadhi ya pamba, risiti ya kodi, kadi ya chama na makubaliano ya kununua shamba yaliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule na kupigwa dole gumba havipaswi kutupwa na mtu mmoja peke yake. Pale mgogoro wa ardhi unapofika baraza la kata, karatasi ya namna hiyo inaweza kuwa ndiyo pekee. Zitoe kwenye sanduku lililo sakafuni, zipepee kivulini, zifunge kwenye plastiki ngumu, uziweke juu ya kabati mbali na ukuta wa udongo. Zipige picha kwa simu na uzitume kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ili zisitegemee sanduku moja. Picha zilizogandana kwenye albamu zisibanduliwe kwa nguvu. Zipigwe picha zikiwa hapo hapo, na pamoja na kila nakala liandikwe jina la aliyemo wakati bado yupo anayemjua.

Hilo la mwisho linatupeleka kwenye msiba, mahali ambapo upekuzi mwingi hufanyika na ambapo hufanyika vibaya. Baada ya maziko, ukoo unakaa. Nguo za marehemu zinagawiwa. Msimamizi wa mirathi anapendekezwa, muhtasari wa kikao unapelekwa Mahakama ya Mwanzo, naye anatakiwa kuleta orodha ya mali ndani ya miezi minne. Orodha hiyo ni kifaa kizuri ambacho tayari tunacho. Tatizo ni kinachoandikwa: nyumba, kiwanja, ng'ombe, pikipiki, salio la benki. Vilivyobaki vinaitwa "vyombo vya ndani" na kuandikwa mstari mmoja. Na aliyeishi na vyombo hivyo, aliyevifuta vumbi, anayejua kila kimoja kilitoka wapi, mara nyingi hana sauti katika kikao.

Kanuni za urithi za kimila zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963 zinaweka watoto wa kiume mbele na mabinti nyuma, na mjane hapewi fungu. Anaachwa atunzwe na watoto wake. Wajane wawili wa Shinyanga walizipinga kanuni hizo mahakamani baada ya kuondolewa na ndugu wa waume zao katika nyumba walizokuwa wakiishi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni zina ubaguzi lakini ikakataa kuziondoa. Rufaa yao ikagonga mwamba mwaka 2010 kwa dosari ya kiufundi. Walifika hadi Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kutokomeza Ubaguzi dhidi ya Wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema Tanzania imekiuka haki zao na kuitaka ibadilishe sheria. Kesi hiyo husomwa kama kesi ya nyumba na ardhi, na ni sawa. Mimi huisoma pia kama kesi ya kabati. Mwanamke anayefukuzwa na begi moja hapati muda wa kuchagua picha gani abebe. Barua zake, kadi za watoto, cherehani aliyonunua kwa pesa yake ya karanga, vyote vinabaki chini ya mamlaka ya mtu anayeona humo "vitu vya kaka" tu.

Ndiyo maana ushauri wa vitabu vya ng'ambo unafika kwetu nusu. Marie Kondo wa Japani, katika kitabu chake cha 2011, anamtaka mtu ashike kila kitu na kujiuliza kama kinampa furaha. Swali hilo linadhani kitu ni cha anayekishika. Katika kaya ya Kisukuma kigoda ni cha ukoo, sufuria ni ya mama, sanduku la bweni ni la mtoto aliyeko Katoro, na furaha ya mmoja haina uwezo wa kuamua. Margareta Magnusson wa Uswidi, aliyewahimiza wazee mwaka 2017 wapunguze vitu vyao wakiwa hai ili wasiwaachie wengine mzigo, yuko karibu zaidi na sisi. Kwetu faida yake kubwa ni nyingine, maana mzee akiwa hai anaweza kusema mbele ya mashahidi: cherehani hii ni ya mke wangu, aliinunua mwenyewe, bangili hii iende kwa binti mkubwa, ngoma hii ni ya ukoo na isiuzwe. Maneno hayo yakiandikwa, mwenyekiti wa kitongoji akaweka sahihi, yanakuwa na uzito kikaoni. Desturi zetu zinaogopa mazungumzo hayo kwa sababu yanafanana na kumtakia mtu kifo. Njia iliyo rahisi ni kumwomba mzee asimulie vitu vyake, kimoja kimoja, mjukuu akiandika. "Mayu (mama), hiki ulikipata wapi?" ni swali la heshima, na jibu lake ni orodha.

Kuhusu vinavyokwenda, mnunuzi wa vyuma chakavu atafika mlangoni, na ni mtu wa manufaa. Fremu, mabati na majembe yaliyokufa aende nayo. Watoto wasiachiwe kumtafutia mzigo. Novemba 2017 huko Ngara, mkoani Kagera, wanafunzi wa Shule ya Msingi Kihinga waliuawa na bomu la mkono lililookotwa likidhaniwa ni chuma chakavu. Katika nyumba za wachimbaji hatari inayofanana na hiyo ni baruti na viwashio vilivyosahaulika stoo, na mtu yeyote anayevikuta asivisogeze. Aondoe watu, aite polisi au Ofisi ya Madini.

Viroba vya mawe na marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu, vilivyopangwa uani kwa miaka navyo vinahitaji uamuzi. Watu wa Geita wanajua kuliko wengi kwamba mabaki ya mmoja yana riziki ya mwingine. Walidai magwangala, yaani mawe ya mabaki ya mgodi mkubwa, kwa muda mrefu hadi Rais Magufuli alipoagiza mwaka 2016 wapewe. Lakini marudio yaliyokwisha kupitishwa zebaki au sianidi hayapaswi kukaa mahali kuku wanapochakura na watoto wanapocheza. Yapimwe, yauzwe kwa mwenye mtambo wenye kibali, au yaondolewe uani.

Zebaki yenyewe ndiyo kitu cha zamani kilicho kibaya kuliko vyote katika nyumba hizi, kwa sababu haionekani kuwa ya zamani. Inakaa kwenye chupa ya soda kama ilivyokuwa siku iliponunuliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la UNIDO lilileta mradi wake wa zebaki Rwamagasa kwa sababu wachimbaji walikuwa wakichoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki karibu na makazi yao, wengine jikoni. Tanzania ilisaini Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2013 na kuuridhia mwaka 2020. Mvuke wa zebaki huharibu mishipa ya fahamu na figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Chupa ikikutwa, isimwagwe chooni wala mtoni. Ifungwe vizuri, iwekwe ndani ya chombo kingine kisichovuja, ipelekwe kwa ofisa mazingira au Ofisi ya Madini. Kitambaa cha kukamulia mchanganyiko wa dhahabu na zebaki kisifuliwe wala kuchomwa. Kifungwe pamoja nayo. Na lile karai au sufuria ya zamani iliyochomewa dhahabu, hata kama imesuguliwa ikang'aa, isigawiwe msibani, isitolewe sadaka, wala asipewe mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa sababu tanuri litaitoa zebaki ile kuwa mvuke, na kabla haijafika kwenye tanuri kuna mtu anaweza kuinunua sokoni aipikie watoto uji. Itobolewe kwa msumari, katikati ya kitako, na aliyekuwa akiitumia ndiye aseme ni ipi.